KUKETI SI KUPUMZIKA

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mkutano wa tawi uliopita tulisomewa vifungu viwili ambavyo Halmashauri ya chama yataka kuviweka mbele ya wakubwa wa kazi katika mapatano mapya. Kifungu cha kwanza chasema kwamba dereva, gadi au mtu wa gengi aliyepatwa na ajali ya kufa mtu apewe nafasi ya kwenda kuzungumza na mshauri wa nafsi bila kukatwa mshahara. Kifungu hicho tulikipigia makofi. Kifungu cha pili chasema kwamba mshauri huyo, pamoja na wajumbe wetu wanaosikiliza taabu za wenzao, wawekewe mpaka wa saa za kusikiliza, na wao nao wapewe mtu wa kuwasikiliza.

Hapo ndugu mmoja akasimama akauliza: "Mtu ameketi kitini, chini ya feni, hakuinua hata spana. Amechokaje?" Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka. Kisha likatolewa shauri kwamba kifungu cha pili kifutwe ili cha kwanza kipite upesi. Kura itapigwa mkutano ujao.

Nimefikiri sana tangu siku ile, na sasa naandika kuwaomba msikifute. Mimi si daktari. Ni mtu wa reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, kwa wamisheni. Lakini nimeuliza, nikaazimwa vitabu, nikasoma polepole, na niliyoyakuta humo yamenitoa kicheko.

Kwanza niwakumbushe habari ya dereva mmoja wa tawi letu, ambaye jina lake sitalitaja. Alfajiri moja alimgonga mtu kwenye kivuko cha reli. Ninyi mnajua kwamba gari la moshi lenye mabehewa ya mizigo halisimami kama baiskeli. Dereva hupiga honi, hufunga breki, kisha hukaa pale pale akitazama, maana hana la kufanya tena. Baada ya siku chache alirudi kazini. Lakini kila alipokaribia kivuko, mguu wake wa kulia, ule unaokanyaga pedali ya usalama, ulitetemeka hata pedali ikaachia, na injini ikajifunga breki yenyewe. Mguu ulipimwa ukapigwa picha, akaambiwa ni mzima. Basi maneno yakaanza: ati ni mvivu, ati anatafuta fidia.

Ndugu zangu, maneno hayo ni ya zamani karibu kama reli yenyewe. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alitoa kitabu juu ya watu waliotoka katika ajali za gari la moshi bila jeraha la kuonekana. Siku zilipopita walianza kuumwa mgongo, kutetemeka, kukosa usingizi na kusahau. Yeye aliamini kwamba uti wa mgongo umetikiswa ndani. Watu wakauita ugonjwa huo mgongo wa reli. Mwaka 1883 daktari mwingine, Herbert Page, aliyekuwa daktari wa kampuni moja ya reli huko huko Uingereza, akapinga. Alisema kwamba wengi wao hawakuumia uti wa mgongo hata kidogo, bali walishtuka. Bila shaka kampuni zilifurahia maneno hayo. Lakini mkiyatazama vizuri, yana jambo kubwa ndani yake: hofu peke yake, bila pigo lolote, yaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu.

Huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot aliwapima wafanya kazi wa namna hiyo, watu wa nyundo na wa mizigo. Mmoja alikuwa mchukuzi aliyegongwa na gari la farasi mwaka 1885. Magurudumu hayakupita juu ya miguu yake, lakini yeye aliamini kwamba yamepita, na miguu ikapooza. Charcot hakumwita mwongo. Majira hayo hayo alikuwapo Paris daktari kijana kutoka Vienna aliyekuja kusoma kwake. Jina lake Sigmund Freud. Huyo ndiye aliyeanzisha kazi ambayo wataalamu huiita saikoanalisisi, yaani uchambuzi wa nafsi: mgonjwa hulala kwenye kochi akasema kila linalomjia moyoni, na daktari husikiliza.

Kwa hiyo wafanya kazi wa reli na abiria wao wamo katika mwanzo wa jambo hili. Mtu asituambie kwamba ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Mwaka 1918, katika mkutano wa Budapest, Freud mwenyewe alisema kwamba maskini ana haki ya kutibiwa nafsi yake kama alivyo na haki ya kupasuliwa na daktari, na kwamba siku moja matibabu hayo yatolewe bure. Mwaka 1920 wenzake walifungua zahanati ya namna hiyo Berlin, na mwaka 1922 nyingine ikafunguliwa Vienna.

Sasa tutazame mwili. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mshauri ni maneno matupu, kutoka mdomoni kuingia sikioni. Lakini mgonjwa wa kwanza anayetajwa katika habari za tiba hii alikuja na mkono uliopooza. Alikuwa msichana wa Vienna, Bertha Pappenheim, ambaye vitabuni aliitwa Anna O. Daktari wake, Josef Breuer, alimtibu tangu mwisho wa mwaka 1880 hata katikati ya mwaka 1882, na mwaka 1895 Breuer na Freud wakatoa kitabu chenye habari zake. Baba yake aliugua, na binti akamwuguza usiku kwa usiku. Usiku mmoja alisinzia akiwa ameketi, mkono wake umening'inia nyuma ya kiti umekufa ganzi, akaona kama nyoka anamjia baba yake, akataka kumfukuza, mkono ukakataa. Tangu hapo mkono ule ulikuwa taabu. Alipoweza kuyasimulia mambo hayo, mkono ulilegea. Sisemi kwamba alipona mara moja kama kwa muujiza, maana baadaye ilimbidi kulazwa tena. Lakini alisimama, akawa mtu mkubwa wa kuwasaidia wanawake na yatima, na mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani.

Angalieni jambo hili vizuri. Msichana yule alikuwa mwuguzi. Alianza kuugua akimtunza mwingine usiku kucha, na kazi yake yote ilikuwa kuketi kitini karibu na kitanda. Je, tumwulize, "Umechokaje?"

Daktari wake naye je? Breuer alikwenda kwake kila siku, pengine mara mbili kwa siku, kwa miezi mingi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1907, aliandika katika barua kwamba aliazimia asipite tena katika jaribu la namna ile. Aliendelea na udaktari wake, lakini matibabu yale akawaachia wengine. Hivyo msikilizaji wa kwanza kabisa wa tiba hii alichoka, na hapakuwa na mtu wa kumpokea zamu.

Freud alijifunza. Zamani alikuwa akiwabana wagonjwa paji la uso kwa mkono ili wakumbuke mambo, kisha akaiacha desturi hiyo. Nasi na tujue: mshauri wa namna hii hana haja ya kumshika mtu mwili, na anayefanya hivyo atolewe habari. Kisha mwaka 1913, alipoeleza kwa nini huketi nyuma ya kochi ambapo mgonjwa hamwoni, sababu moja aliyoitoa ilikuwa ya mwili wake mwenyewe: hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane au zaidi kila siku. Ndugu zangu, saa nane! Hesabu hiyo twaijua sisi, maana ndiyo iliyopiganiwa na wafanya kazi wa dunia nzima, na mwaka 1919 ikaandikwa katika mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi la Ulimwengu. Tena mwaka 1912 aliwaonya madaktari wenzake wasikaze masikio kushika kila neno, bali wasikilize kwa utulivu, neno hili sawa na lile, maana hakuna mtu awezaye kukaza akili kwa saa nyingi kila siku. Mwaka 1937 akasema kwamba kila mchambuzi na arudi yeye mwenyewe kuchambuliwa baada ya kila miaka mitano hivi, wala asione aibu.

Walakini mwenyewe hakujihurumia. Alivuta sigara sana, na mwaka 1923 akaonekana ana saratani ya kinywa. Alipasuliwa zaidi ya mara 30, na aliendelea kupokea wagonjwa karibu mpaka kifo chake mjini London mwaka 1939. Huo ni ushujaa, lakini ushujaa wa mtu mmoja haufai kuwa kipimo cha kazi ya watu wote. Mjuavyo, wakubwa hupenda sana mifano ya namna hiyo.

Wengine waliomfuata waliutazama mwili zaidi. Wilhelm Reich, aliyefanya kazi katika zahanati ile ya Vienna, aliona kwamba mtu huifunga hofu yake katika misuli: taya, shingo, kifua, na pumzi. Ni kama askari aliyevaa dirii, na vita vimekwisha lakini hawezi kuivua. Baadaye Reich alipotea katika mambo ya ajabu, lakini jambo hili aliliona sawasawa, nasi twaliona kila siku. Wazee wetu waliokuwa karibu na stesheni ya Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka jirani na kuua watu zaidi ya 200, wanalijua. Nimemwona mzee mmoja mstaafu ambaye hata leo mlango ukibamizwa, mabega yake hupanda masikioni kabla hajakumbuka yuko wapi.

Mwaka 1950 Paula Heimann wa London aliongeza jambo jingine. Alisema kwamba yale yanayomjia msikilizaji moyoni wakati mgonjwa anaposema si takataka za kutupwa, bali ni chombo cha kumwelewa mgonjwa. Na wengi wafanyao kazi hiyo leo watakuambia kwamba habari huwafikia kwanza mwilini. Mtu aeleza kifo cha mwanawe kwa sauti kavu kama anayesoma ratiba, na msikilizaji ndiye anayebanwa kifua. Mwingine azungumza akicheka, na msikilizaji ndiye anayesokotwa tumbo. Basi kama mwili wa mshauri ni chombo chake cha kazi, kama vile sikio la fundi anayesikiliza injini, chombo hicho huchakaa. Injini ya dizeli yenyewe hurudi karakana kwa ratiba, hata kama haijaharibika, na hakuna anayesema ni mvivu.

Naja sasa kwa mtu aliyelipa jina uchovu huu. Herbert Freudenberger alikuwa mchambuzi wa nafsi katika mji wa New York. Mchana alipokea wagonjwa wake wa kulipa, na jioni alikwenda zahanati ya bure kuwasaidia vijana walioharibiwa na madawa, hata usiku sana. Alichakaa yeye, wakachakaa na wenzake. Mwaka 1974 aliandika habari hiyo na kuuita uchovu huo kuungua, kama taa iliyokwisha mafuta. Alipotaja dalili zake alianza na mwili: uchovu, mafua yasiyokwisha, kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, kukosa usingizi, kukatika pumzi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kuungua huko ni jambo litokalo kazini, kwa mashaka ya siku nyingi yasiyotengenezwa. Maana yake si kwamba mtu fulani ni dhaifu. Ni kwamba kazi ilipangwa vibaya.

Yaleyale yalimpata mama mshauri ambaye chama kilimtafuta kwa ajili ya dereva wetu. Habari ilipoenea kwamba yuko mtu wa kusikiliza, watu walimiminika. Siku nyingine alipokea watu tisa, mmoja akitoka mwingine akiingia, asipate hata dakika ya kunyosha mgongo. Mwezi wa tatu shingo ilikaza, sauti ikakauka, akalala nyumbani wiki nyingi. Na dereva wetu je? Mguu ulikuwa umeanza kutulia. Alikuwa ameanza kuyasimulia yale aliyoyaona kwenye kioo cha injini. Ghafla hana wa kumsimulia. Aliachwa kama mabehewa yaliyokatiwa injini katikati ya mlima, na mguu ukarudia kutetemeka. Ndiyo sababu nasema kwamba kifungu cha kwanza bila cha pili ni gari la moshi lisilo na breki. Litaondoka kwa shangwe stesheni, lakini halitafika.

Naye alipokosekana, dereva alianza kuja kwangu, maana mimi ni mjumbe. Alikuja usiku baada ya usiku. Nilifurahi kuwa wa msaada. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nikadhani ni mwepesi kweli. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba nasaga meno usingizini, na kwamba watoto wakinisemesha siwajibu. Hakuna daktari aliyeniambia, wala sikujua mwenyewe. Mficha maradhi kifo humfichua, na mimi nilikuwa nikiyaficha hata nafsi yangu. Tena nilikuwa na ugonjwa huo huo siku ile nilipocheka mkutanoni.

Wenzangu wa misheni mtakumbuka habari ya Musa katika kitabu cha Kutoka. Aliketi tangu asubuhi hata jioni akisikiliza mashauri ya watu, na watu wamesimama wakingoja zamu. Mkwewe Yethro alipoona hivyo hakumsifu. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu wake, na kwamba achague wengine wa kusaidiana naye. Musa naye alikuwa ameketi kitini, ndugu.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Najibu kwamba mshauri aliyelala nyumbani wiki nyingi, na dereva asiyeweza kushika njia, ni fedha pia. Itasemwa kwamba mshauri si mwanachama wetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi atunze usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi pale, wala haiulizi kwanza kadi ya chama. Itasemwa kwamba wakubwa watakataa vyote viwili. Hilo laweza kuwa, lakini si kazi yetu kuwapunguzia wao sauti kabla hawajasema neno.

Basi naomba kifungu cha pili kibaki, na kiandikwe wazi hivi:

1. Mshauri apewe idadi ya watu kwa siku isiyozidishwa, na nafasi kati ya mtu na mtu ya kusimama, kutembea na kunywa maji.

2. Mshauri awe na mwenzake mwenye ujuzi wa kumsikiliza, kwa saa za kazi na si kwa kuiba usiku, na siri za wafanya kazi zilindwe huko pia.

3. Mjumbe wa chama asibebe jambo la kifo peke yake. Wawe wawili, na baada ya jambo zito apewe siku ya kupumzika.

4. Mfanya kazi anayelalamika mwili baada ya ajali apimwe kwanza na daktari vizuri, maana si kila maumivu yatoka moyoni. Na akionekana mzima, asiitwe mwongo. Apelekwe kwa mshauri, na asilazimishwe kupita kivuko kile mpaka awe tayari.

Yule ndugu aliyeuliza swali simchukii, maana aliuliza lililokuwa kinywani mwetu sote. Ila namwomba amkumbuke mtu wa ishara. Huketi kibandani mwake usiku kucha, mkono karibu na wenzo, sikio kwenye simu. Mpita njia akimwona husema huyo apumzika. Sisi twajua kwamba treni mbili zinakuja, na kwamba kuketi kwake ndiko kunakotuokoa. Hatukukubali kamwe akeshe zamu mbili mfululizo. Mshauri wa nafsi naye ameketi kibandani. Tumpe mtu wa kumpokea zamu.

Njoni mkutanoni kwa wingi, na mpigie kura vifungu vyote viwili.

Ni mimi ndugu yenu,
Mjumbe, Mfanya Kazi wa Reli